Raba ndefu nyuma, na viatu bado vinaloa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, kila siku naendesha baiskeli kutoka Mabogini kwenda shuleni Pasua. Masika haya nimefungiwa raba ndefu kwenye madigadi ya nyuma, karibu iguse chini, lakini nikifika shuleni viatu na pindo za suruali vimejaa tope, na cheni inalia. Aliyenifungia anasema nibadilishe niweke pana zaidi, na cheni niipake oili chafu. Jirani yangu naye anasema raba haifai, nikate kipande cha bati nifunge mbele kwa waya. Ninunue raba ya aina gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usinunue raba nyingine ya nyuma. Hata ukifunga yenye upana wa mlango, viatu vyako vitaloa vilevile, kwa sababu maji hayo hayatoki nyuma. Yanatoka gurudumu la mbele.

Hili nalisema kila masika hapa Moshi, na kila masika naletewa baiskeli za namna hiyohiyo: nyuma raba nene iliyopambwa kwa vioo vya kung'aa, imeandikwa jina la timu au dua, na mbele hakuna hata kipande. Raba ya nyuma inauzika kwa sababu watu wanaiona ukiwapita. Muuzaji anajua hivyo. Ukirudi kulalamika kwamba bado unaloa, anakuuzia kubwa zaidi, nawe unalipa mara ya pili kwa kosa lake.

Fanya hivi uone mwenyewe. Inua baiskeli, zungusha gurudumu la mbele kama linavyozunguka ukiwa unakwenda, kisha tazama ule upande wake unaoelekea pedali. Tairi pale inapanda. Imetoka ardhini na maji yake, na yale maji yanachomoka kuanzia pale inapoinuka tu. Kila tone linaruka kufuata upande ambao tairi ilikuwa inaelekea lilipoachia: yaliyotoka chini kabisa yanakwenda nyuma karibu sambamba na ardhi, yaliyochelewa kidogo yanakwenda nyuma huku yakipanda. Na nyuma ya gurudumu la mbele kuna nini? Kuna viatu vyako, krenki, cheni, na gololi za ekseli ya pedali. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tone linachomoka kwenye tairi kwa kasi hiyohiyo, na lile linalorushwa juu moja kwa moja lina nguvu ya kufika kama mita moja na nusu. Tope likikufikia gotini, si ajabu.

Sasa tazama madigadi yako ya mbele inaishia wapi. Baiskeli nyingi za mtumba inaishia juu mno, nyingine karibu usawa wa ekseli. Phoenix na Avon za zamani zinashuka zaidi, lakini hata hizo zinaacha nafasi. Kutoka mwisho wa madigadi hadi ardhini pote pako wazi, na hapo ndipo miguu yako inapooshwa. Kuna na wale wenye baiskeli za gia waliofunga kile kipande kifupi cha plastiki chini ya bomba la fremu. Kile kinalinda uso na kifua kidogo, miguu hakiijui kabisa.

Raba ya nyuma ina kazi yake, sikatai. Inamkinga anayekufuata. Kama unaongozana na mwanao naye yuko kwenye baiskeli yake, ifunge, atakushukuru. Ila mgongo wako unalindwa na madigadi yenyewe ya nyuma, ile inayofunika tairi juu, na miguu yako inalindwa na mkia wa raba wa mbele, yaani kipande cha raba kinachoning'inia mwisho wa madigadi. Ukiwa na hela ya mkia mmoja tu, weka mbele.

Na cheni yako inalia kwa sababu hiyohiyo. Inapigwa maji yenye mchanga kutoka gurudumu la mbele kila ukikanyaga dimbwi. Oili chafu ya gari ni nzito, imeshabeba masizi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, na ikikaa kwenye cheni inanasa mchanga wote unaoruka. Unachopata ni msasa wa kuzunguka. Cheni mpya ukiipima kutoka pini hadi pini, pingili 12 kamili zenye viungo vya ndani na vya nje ni inchi 12. Ikivuka hapo kwa sehemu ya nane ya inchi imekwisha, na ukichelewa kuibadilisha inakula na meno. Ioshe, ikaushe, weka tone la oili nyepesi safi ya cherehani kwenye kila kiungo, kisha futa yote iliyobaki nje. Utairudia mara kwa mara kipindi cha mvua, maana nyepesi inaoshwa upesi. Lakini usianze na cheni kabla hujafunga mkia wa mbele, utakuwa unaosha bure.

Haya, mkia wenyewe. Hauna haja ya kuutafuta dukani. Zulia la raba la kuwekea miguu kwenye gari, lile chakavu ambalo gereji wanalitupa, ndilo bora kuliko vyote nilivyowahi kufunga. Lina uzito wa kutosha lisipeperuke, na ni laini kiasi kwamba likigonga jiwe linakunjika na kurudi. Tyubu ya lori nayo inafaa ukichagua iliyo nene. Ubavu wa tairi ya gari, ule wanaotengenezea katambuga, ni mzito na mgumu. Ukiutundika kwenye madigadi ya plastiki, baada ya muda plastiki inapasuka pale penye tundu. Chupa ya plastiki ya maji ukiikata inasaidia siku mbili tatu ukiwa huna kitu, halafu inapasuka. Ngozi inalowa na kujikunja.

Kata umbo la kengele: juu upana wa madigadi, chini upanuke uzidi tairi kwa kama sentimita mbili au tatu kila upande. Kule chini ndiko maji yanakotawanyika, kwa hiyo ukikata mstatili mwembamba utaona maji yanapita pembeni yake na kukufuata viatuni. Kwa wanaokwenda lami tu, sentimita nane hadi kumi kutoka ardhini panatosha. Kwa njia yako ya Mabogini yenye mashimo, acha kama 12, na usipande zaidi ya 15 maana utakuwa umerudi kulekule. Pima ukiwa umekaa juu ya baiskeli na tairi ina upepo wake, mtu mwingine akushikie rula.

Matundu mpelekee fundi viatu. Ana kifaa cha kutobolea mikanda, kinatoa tundu la mviringo safi. Ukichoma kwa kisu, ule mpasuko utaendelea kuchanika hadi raba inabaki mkononi. Toboa mawili, kushoto na kulia. Tundu moja katikati linauacha mkia uzunguke na kusugua tairi. Tumia bolti fupi za spana namba 8 na washa pana pande zote mbili, kwa sababu nati peke yake inazama kwenye raba na kutoka. Kaza mpaka raba ianze kuvimba kidogo kuzunguka washa, basi. Mkia ukae upande wa nje wa madigadi ili usipunguze nafasi ya tairi, nao utafuata ule mviringo wa madigadi, mviringo ambao unausaidia kusimama wima.

Na hapa naomba uangalie kwa macho yako kabla hujamlipa mtu. Kichwa cha bolti, kile laini cha mviringo, kiwe ndani upande wa tairi. Nati na mkia wa bolti viwe nje. Nimeshaona tairi mpya imechongwa mfereji katikati kwa sababu fundi alisukumia bolti kutokea nje na milimita kumi za nyuzi zikabaki zinaitazama tairi. Tope lilipojaa kidogo, madigadi ikasogea, kazi ikaanza.

Halafu geuza usukani kushoto na kulia huku ukizungusha pedali polepole. Kiatu kikigusa raba, raba itakunjika, hakuna shida. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka kitu laini pale.

Kuhusu tope la kwenu. Lile jeusi la kuelekea mashamba ya mpunga ya Chekereni linanata na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, na ukianza kusikia mkwaruzo simama, toa kwa kijiti. Kuendelea kukanyaga kwa nguvu hakusaidii, unalishindilia tu. Kama madigadi yako iko karibu sana na tairi, bora uilegeze vile vyuma vya kuishikilia uisogeze, kabla hata ya kufikiria mkia.

Sasa bati la jirani. Hapo nakataa kabisa, na simwambii mwalimu peke yake.

Gurudumu la mbele linazunguka likipanda upande wa nyuma, tumekwishaona. Kitu chochote kigumu kilichoning'inia pale kikigonga ukingo wa lami, ngazi au jiwe, kinasukumwa kuelekea tairi. Tairi inakidaka na kukivuta juu pamoja na ncha ya madigadi. Madigadi inakunjika, inajibana chini ya uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele linasimama ghafla. Wewe hausimami. Unapita juu ya usukani na kutua kwa uso au kwa mikono. Gurudumu la nyuma likikwama unaburuzika, mara nyingi unabaki na nafasi ya kuweka mguu chini. La mbele halikupi nafasi hiyo.

Wenye viwanda wanalijua hili. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kina jaribio lake la madigadi ya mbele, kuhakikisha kwamba ikigongwa au ikikandamizwa haizuii gurudumu. Madigadi za kampuni ya Kijerumani SKS zinakuja na klipu za plastiki kwenye vile vyuma vya mbele, makusudi zichomoke kitu kikinasa. Wateja wananiletea baiskeli yenye klipu hizo wakisema imeharibika, madigadi inachomoka ovyo. Haijaharibika, imewaokoa meno. Na kabla hawajanifikia, mara nyingi kuna mtu ameshazifunga kwa waya wa kufungia nondo ili zisichomoke tena.

Waya huo ndio unaonikera kuliko bati. Bati angalau linaonekana. Waya unafichwa chini ya rangi na tope, mtu anaambiwa kazi imekwisha, analipa kidogo anafurahi. Mtetemo wa barabara unaulegeza, madigadi inaanza kucheza, ncha za waya zinainama kuelekea spoku. Ikinasa, hakuna kinachoachia. Siku hizi vijana wanafunga hivyo hata dumu lililokatwa, hata kibao cha namba cha pikipiki, vyote mbele, vyote kwa waya, kwa sababu wameona mtu mtandaoni anaonyesha njia ya dakika mbili. Bolti mbili na washa nne hazifiki bei ya soda nyingi. Fundi anayekwambia hana bolti hana pia sababu ya kugusa gurudumu lako la mbele.

Kwa hiyo mwalimu, ile raba ndefu uliyofungiwa nyuma ivue, ikate kwa umbo nililokueleza, ihamishie mbele. Kama ni ngumu kiasi kwamba ukiikunja kwa mkono mmoja haikunjiki, iache nyuma ilipo na utafute zulia la gari. Na mtu yeyote anayesoma hapa, kabla hujapanda kesho, pitisha kidole nyuma ya madigadi yako ya mbele. Ukigusa waya, usiipande, isukume hadi kwa fundi mwenye bolti.