Ukirudi nyumbani kutoka kisimani, pokea zamu kwanza

Kwa miaka 9 nilikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za Kamandi ya Jeshi la Wanamaji pale Kigamboni, na nilipovua sare nikarudi darasani, nikawa mhandisi wa petroli. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya visima vya mafuta na gesi huniuliza sana habari za mshahara, vyeti na namna ya kupata nafasi, lakini ni wachache wanaouliza wataishi vipi na mke na watoto watakaowaona nusu ya mwaka tu. Hilo ndilo lililonigharimu kuliko mengine yote, kwa hiyo nitaandika hilo.

Mpangilio uliozoeleka katika kuchoronga visima ni siku 28 kazini na siku 28 nyumbani, na ukiwa kazini unafanya kazi saa 12 kila siku, Jumapili ikiwemo. Wenzetu wa majukwaa ya Norway, nchi niliyosomea fani hii, hukaa baharini wiki 2 na kupumzika wiki 4, ila kwetu usiingie kazini ukitegemea ukarimu huo. Tena sisi hatukuwa na wa kumuiga. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, mwaka 1982, lakini ile ya kwanza ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015, kwa hiyo wengi wa rika langu tulizaliwa na wavuvi, makarani na walimu ambao walirudi nyumbani kila jioni. Hakuna mzee aliyeweza kutuelekeza namna ya kuwa baba kwa zamu.

Jeshini nilifundishwa kitu kimoja ambacho nilichelewa sana kukileta nyumbani. Anayeingia zamu kwenye chumba cha injini hagusi kitu akifika. Anasoma daftari la zamu iliyopita, anazunguka na mwenzake kuangalia shinikizo la mafuta ya injini na joto la maji ya kupoozea, anauliza ni nini kimefunguliwa na ni nini hakijamalizika, na hapo ndipo anaposema, "Nimepokea zamu." Kabla hajatamka maneno hayo, mwenye injini ni yule anayetoka, hata kama anayeingia amemzidi cheo.

Sasa nieleze nilivyofanya mimi. Asubuhi moja nilitua Dar es Salaam kutoka Mtwara nikiwa na usingizi wa zamu ya usiku, nikavuka kwa pantoni, na kufika nyumbani nikamkuta mwanangu wa kidato cha pili amekaa sebuleni saa 4 asubuhi, siku ya shule. Sikuuliza kitu. Nilimfokea kwa sauti ile ya kushindana na injini, nikamnyang'anya simu, nikatangaza kwamba jioni ile ile ataanza tuisheni ya hisabati. Kijana hakujibu, aliinuka akaingia chumbani. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, na wala hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Baba watoto," akasema, "umepokea zamu?"

Aliishi nami kota za jeshi miaka yote ile, kwa hiyo alijua anasema nini. Kumbe mtoto alikuwa akionewa shuleni, mama yake alikuwa ametumia wiki 3 kumfanya afungue kinywa, na walikuwa wameshakubaliana na mwalimu wa darasa kwamba apumzike hadi Jumatatu, kisha arudi katika mkondo mwingine. Kazi yote hiyo niliivuruga nikiwa bado nimevaa buti. Siku zangu 28 za likizo zilikwisha kijana akiniamkia tu, na zaidi ya shikamoo hatukuwa na mazungumzo.

Kila mtu wa fani yetu hufundishwa habari za Piper Alpha, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini lililolipuka usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Mafundi wa mchana walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja kwa matengenezo na kuziba mahali pake kwa mfuniko wa chuma. Karatasi ya kueleza hivyo iliandikwa, ila haikuwafikia waliopokea zamu ya usiku, na pampu ya pili ilipozima wakaiwasha ile ya kwanza. Walikufa watu 167. Mimi siilinganishi sebule yangu na msiba ule, lakini kosa ni la ukoo mmoja: mtu anawasha kitu ambacho mwenzake amekifungua.

Kwa hiyo juu ya friji yetu kuna kaunta buku. Mke wangu huandika ninapokuwa kazini, nami huandika kabla ya kuondoka. Ukurasa mmoja wake unasema hivi: LUKU imebaki uniti 14, mtoto mdogo anakohoa, dawa ni hadi Alhamisi, fundi bomba amechukua nusu ya pesa na hajarudi, ada ya muhula imelipwa nusu, mama mkwe usimwambie habari ya kiwanja, nitakueleza. Huo mstari wa mwisho peke yake umeniokoa na kikao kizima cha ukoo.

Kwa siku 2 za kwanza siamui chochote nyumbani. Sababu moja ni mwili, kwa sababu aliyezoea kulala mchana huwa mkali bila kujijua, na sababu nyingine ni haki, maana nyumba iliyoendeshwa siku 28 bila mimi ina utaratibu wake. Simu nayo ina mtego wake. Zamani baharini tulikaa siku nyingi bila mawasiliano, na mke alikuwa na amri kamili. Siku hizi kijana yuko kisimani na anataka kuamua kwa simu ya video hadi mboga ya jioni. Piga simu usikie, uchekeshwe na watoto, kisha uwatakie usiku mwema.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Pipa la mafuta lililozidi dola 110 katikati ya mwaka 2014 lilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka 2016, na mikataba mingi ikakatwa duniani kote, kwa hiyo mke ajue hasa kilichopo benki kabla hujakosa kazi.

Na makabidhiano ya kuondoka uyaanze siku 3 kabla, usisubiri usiku wa kufunga begi. Mimi niliwahi kupanda ndege na ufunguo wa chumba cha pampu ya maji ukiwa mfukoni mwa suruali, na niligundua nikiwa nimeshafika Msimbati, kule Mtwara kwenye visima. Ufunguo ulirudi Dar es Salaam kwa basi, ndani ya bahasha, na hadi ulipofika mke wangu alikuwa amenunua maji ya madumu kwa siku 4. Gharama yake ameiandika kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu, na haijafutwa mpaka leo.