Mwanangu, kiti cha marehemu kikabidhiwe kwa maandishi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na pole tena kwa msiba wa rafiki yako. Unasema bodi ya AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, imekuweka kwenye nafasi yake ya uenyekiti hapo Tandahimba wakati korosho zimeshaanza kupokelewa na mnada wa kwanza umekaribia. Unauliza uanzie wapi bila kuonekana una pupa na kiti cha mtu ambaye udongo wa kaburi lake haujakauka.

Anza na makabidhiano, hata kama wa kukukabidhi hayupo. Wengi hupokea funguo tu, basi, kwa sababu marehemu alikuwa mwenzao. Upungufu ukijitokeza baadaye, hakuna wa kusema ulianza lini, na atakayesemwa ni yule asiyeweza kujibu. Kwa hiyo mwite afisa ushirika wa wilaya, meneja wa chama na wajumbe wawili wa bodi, mfungue kabati pamoja.

Shikeni kwanza vitabu vya stakabadhi. Andikeni namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotumika, mpige mstari chini ya nakala yake, kisha wote msaini na kuweka tarehe. Halafu hesabuni vitabu ambavyo havijaanza. Kitabu kimoja tu kilichobaki mkononi mwa karani kinatosha kuandika korosho hewa kwa tarehe za marehemu. Muhuri, funguo za ghala, magunia matupu na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani viingie kwenye orodha hiyohiyo.

Kisha pimeni upya korosho zote zilizomo ghalani. Hapa ndipo majina ya watu huchafuliwa bure. Chukua kilo 10,000 zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 12. Zikikauka hadi asilimia 9 zitabaki kilo 9,670 hivi. Hizo kilo 330, zaidi ya gunia nne za kilo 80, ni maji yaliyopotea hewani. Ongeza uzito wa gunia lenyewe, kama kilo moja, ambao karani mvivu hautoi wakati wa kupima: kwa gunia 125 ni kilo 125 nyingine. Fanya hesabu hizo mbili kabla hujasikiliza mtu yeyote akitaja wizi. Ikiwa pengo bado ni kubwa, liandike kwenye taarifa lilivyo na limfikie mkaguzi. Kulifunika kwa ajili ya urafiki ni kulihamishia jina lako. Na kuanzia sasa unyevu uandikwe kwenye daftari siku ya kupokea. Bila hiyo namba, mabishano haya hayana mwisho.

Karatasi za chama zilizoko nyumbani kwake usizisubiri mpaka mjane atoke eda. Miezi 4 na siku 10 itamaliza msimu. Wala usiende peke yako. Nenda na kaka wa marehemu na bibi mmoja wa ukoo. Bibi aingie ndani, nyinyi mkae barazani. Kila karatasi iandikwe kwenye orodha ya nakala mbili, na familia ibaki na moja. Daftari lake la mambo binafsi liacheni hapohapo, hata kama mna hamu ya kulisoma.

Kama alichukua masurufu, yaani fedha za chama za matumizi ya kikazi, na hakuyarejesha, usilitaje matangani. Chama kitapeleka dai lake kwa maandishi kwa msimamizi wa mirathi, akishateuliwa na mahakama.

Watakuja pia wenye "marehemu aliniahidi". Mmoja atasema aliahidiwa magunia, mwingine kazi ya ukarani, na wa kangomba, anayenunua korosho kwa wakulima kinyemela nje ya chama, naye hatakosa. Jibu ni moja kwa wote: lete karatasi. Asiye nayo, andika jina lake, anachodai na tarehe, upeleke kwenye bodi. Usimwite mwongo, na usimwahidi kitu. (Watani wa marehemu watakuambia umerithi mpaka viatu. Hao cheka nao.)

Benki usiichelewe, maana malipo ya chama yanaweza kukwama kwa saini ya mtu aliyefariki. Kwa kawaida watataka muhtasari wa kikao kilichokuteua, barua ya afisa ushirika, kitambulisho chako na picha. Chukua na nakala ya cheti cha kifo. Kabla ya hapo soma masharti ya chama chenu yanasemaje kuhusu kujaza nafasi iliyo wazi, maana kama unakaimu tu mpaka mkutano mkuu, muhtasari useme hivyo waziwazi. Na kama ujumbe wa benki ulikuwa unaingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, omba namba ibadilishwe siku hiyohiyo. Laini hiyo si ya chama, chama hakina haki ya kuishika.

Nisalimie wajukuu.

Baba yako,
Nachingwea