Kumwaga oili ya IST nyumbani: angalia raba ya filta ya zamani

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye fundi anaweza kumwaga oili na kubadilisha filta ya Toyota IST yake nyumbani, na wengi wamekujibu uiachie gereji. Mimi huu ni mwaka wa sita nafanya mwenyewe, uani kwangu Mbezi. IST yangu ni ya 1.5, injini 1NZ. Ngoja nikueleze kilichonifanya nianze.

Siku hiyo nimetoka gereji asubuhi, oili mpya, filta mpya, nikashika njia ya Kibaha. Sijafika mbali, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaweka gari pembeni na kuzima palepale. Kuinama chini, oili inachuruzika, na nyuma yangu mstari unang'aa kwenye lami. Fundi niliyemwita akafungua filta, akanionesha raba mbili zimepandana. Ya filta ya zamani ilikuwa imegandia kwenye injini, na aliyefunga mpya hakuangalia. Raba mbili hazikai pamoja: presha ikipanda, moja inasukumwa pembeni na oili yote inatoka. Injini ilipona kwa sababu nilizima upesi. Kwa hiyo ukifungua filta, igeuze uangalie kama raba yake imetoka nayo. Kama haipo, iko juu kwenye injini. Itoe, kisha futa pale inapokaa kwa kitambaa safi, upitishe na kidole uhakikishe ni laini pande zote.

Sasa kazi yenyewe. Washa gari dakika tatu nne tu oili ilegee, uzime. Ikiwa ya moto sana itakuunguza mkono. Sehemu iwe tambarare na ngumu, siyo mchanga. Vuta handbreki, weka mawe matairi ya nyuma, piga jeki, kisha likalishe gari kwenye stendi mbili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Hapo sina mzaha kabisa.

Legeza kwanza kifuniko cha kujazia oili juu. Chini, nati ya kumwagia inafunguka kwa spana namba 14. Tumia spana ya ringi, kwa sababu spana ya mdomo wazi inakula kona za nati. Ikilegea, malizia kwa vidole huku unaisukuma kwenda juu, halafu iondoe kwa haraka. Oili inaruka mbali kuliko unavyodhani, beseni liwe pana. Iache idondoke dakika kumi na tano. Kwenye nati weka washa mpya, ile pete nyembamba inayozuia oili kuvuja, bei yake ni ndogo mno kuihurumia. Kurudisha, anza kwa vidole mpaka iishe uzi, ndipo ukaze kwa spana fupi, mkono mmoja. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni laini kuliko nati. Ukikaza kwa kujining'iniza, uzi unakwisha na utanunua sampu.

Filta mpya ipake oili mpya kwenye raba. Ifunge kwa mkono, ikigusa tu injini, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Usitumie spana ya filta kukazia, hiyo ni ya kufungulia.

Kujaza ndiko wengi wanakosea. Galoni la dukani ni lita 4, injini hii ukibadilisha na filta inataka lita 3.7. Ukimimina galoni nzima umezidisha. Weka kama lita tatu na nusu, washa nusu dakika, hakikisha taa ya oili imezimika, zima injini, subiri dakika tano, kisha pima kwa stiki gari likiwa limeshuka chini. Ongeza kidogo kidogo mpaka ifike karibu na alama ya juu, usiivuke. Mimi natumia 5W-30 na nabadilisha kila kilomita 5,000. Foleni za Dar zinaichosha oili huku kilomita hazisogei, ndiyo maana sisubiri zaidi.

Oili nunua duka unaloliamini, uangalie sili ya kifuniko kabla ya kulipa. Galoni tupu ukishamaliza, itoboe, isije ikajazwa uchafu na kurudi dukani. Oili chafu mimi naiweka kwenye dumu na kuipeleka gereji wanakoikusanya. Jirani yangu huwa anaiomba kwa ajili ya mchwa, lakini tuna kisima hapa na oili ikimwagwa ardhini inaweza kufika kwenye maji, simpi. Mtaroni ndiyo usimwage kabisa.

Usiku laza gari juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi tone hata moja utaliona, na utajua limetoka kwenye nati au kwenye filta.

Kama nati yako ilikazwa na gereji mpaka haisogei, usiunganishe bomba kwenye spana. Piga picha uiweke hapa kwanza tuione.