Presha yangu haikuwa ya chumvi peke yake

Siku ya kwanza nilipopimwa presha, ilitoka 158 kwa 96. Muuguzi akanambia nipunguze chumvi, nikapunguza. Hakuniuliza nalalaje, nami sikumwambia kwamba mwanangu alikuwa akihangaikia kipande, yaani kitambulisho cha taifa, na kila akienda anaambiwa alete cheti cha babu yake, ilhali wanafunzi wenzake wenye majina yasiyo ya Kiislamu walishachukua vyao. Saa nane za usiku nilikuwa macho, moyo wanidunda.

Mtu akidhalilishwa, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, kana kwamba anafukuzwa: mishipa hubana, sukari hupanda. Jambo hilo likipita mara moja, mwili hutulia. Likijirudia wiki baada ya wiki, usingizi hukatika na presha huweza kukaa juu. Hata mimba huguswa. Huko California, Marekani, katika miezi sita baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Waarabu walipokuwa wakibughudhiwa, wanawake wenye majina ya Kiarabu walizaa zaidi watoto wenye uzito mdogo kuliko miezi kama hiyo mwaka uliotangulia. Wanawake wengine hawakupatwa na badiliko hilo.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kususa hospitali. Kuna mahali niliamrishwa nivue nikabu ukumbini, mbele ya wanaume, kwa sauti ya kunikaripia. Nikarudi nyumbani, na miezi minane sikupimwa wala kumeza dawa. Shoga yangu, usifanye nilivyofanya mimi. Badilisha kituo, usiache matibabu. Nenda na dada au jirani. Ukifika tu, omba muuguzi wa kike na pazia. Ni ombi la kawaida kabisa. Ukitukanwa, andika tarehe na saa, umpelekee msimamizi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinakataza ubaguzi wa dini, na mavazi yametajwa humo kwa jina.

Na daktari mwambie yanayokusibu, yote. Mimi nilimwambia yule wa pili nikilia, akaandika dawa, kisha akaniuliza nani nyumbani ninayezungumza naye. Sikuwa nimemweleza mtu.

Siku hizi napima nyumbani asubuhi. Nakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono wa buibui nimeupandisha, kisha naandika kwenye daftari. Jumatatu ilikuwa 134 kwa 84. Vidonge bado nameza.