Onyo la antivairasi: lisome kabla hujabofya

Wewe unayeanza kutunza kompyuta za shule au ofisi hapa Uganda, haitapita muda utapakua programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) na Windows itakuzuia. Usibofye kwa pupa, wala usiifute faili kwa hofu. Soma kwanza onyo linasema nini.

Lile la bluu, la SmartScreen, kichujio cha Windows cha faili zilizopakuliwa, halisemi kuna kirusi. Linasema mchapishaji hajulikani, au faili bado haijapakuliwa na watu wa kutosha. Cheti cha kusaini programu hulipiwa, na miradi mingi huendeshwa na watu wanaojitolea, hawana fedha hizo. Toleo lililotoka jana ndilo husumbuliwa zaidi.

Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikitaja kirusi kwa jina, hilo ni zito zaidi. Tazama mwisho wa jina. Ukiona "!ml", mashine imekisia kwa jinsi faili inavyofanana na nyingine mbaya. Yawezekana imepatia, yawezekana imekosea, kwa hiyo itakubidi uchunguze.

Mimi huuliza kwanza faili imetoka wapi. Bando letu ni ghali, kwa hiyo programu huzunguka kwenye flashi, leo iko dukani Wandegeya, kesho iko hosteli. Sikatazi flashi, ila linganisha alama ya SHA-256, yaani mfuatano unaokokotolewa kutoka kwenye faili, ambao hubadilika faili ikiguswa hata kidogo. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili SHA256

Zitatokea herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye tovuti ya mradi wenyewe. Kufungua ukurasa huo hakumalizi bando. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usiifungue faili hiyo.

Fanya hivyo hata antivairasi ikinyamaza. Mei 2017 wahalifu waliingia kwenye seva mojawapo ya HandBrake, programu huria ya kubadilisha video, wakaweka faili ya Mac yenye programu ya kijasusi. Aliyelinganisha alama aliweza kuigundua.

Alama zikilingana na onyo bado lipo, ipeleke faili kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako antivairasi nyingi huikagua kwa pamoja. Zikilalamika moja au mbili tu, zisizo na jina kubwa, wajulishe wenye mradi na Microsoft, kisha iruhusu faili hiyo peke yake. Usizime antivairasi nzima, hasa kwenye maabara ambayo wanafunzi huchomeka flashi zao kutwa.