Somo wa jumuiya yenu, yule mtakatifu mnayebeba jina lake, ni nani hasa?

Kosa huanzia kwa fundi wa fulana. Mtu anamtumia picha aliyoiokota mtandaoni, chini ameandika "Mt. Teresa" basi, na siku ya sikukuu jumuiya nzima inaingia kanisani na Teresa wa wenyewe kifuani. Mwenye kalamu ya unyoya na kitabu ni wa Avila, Oktoba 15. Aliyekumbatia msalaba na mawaridi ni wa Mtoto Yesu, Oktoba 1, aliyefariki 1897 akiwa na miaka 24. Mwenye sari nyeupe ya mistari ya buluu ni wa Kolkata, Septemba 5. Mwandikieni fundi jina kamili na tarehe ya sikukuu kabla hamjatoa arubuni.

Novena, sala ya siku tisa kabla ya sikukuu, nayo huharibika kwenye hesabu. Siku tisa zinaisha mkesha wa sikukuu; sikukuu yenyewe haihesabiwi. Ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, huanza Mei 25. Ya Bakhita, mtumwa wa Sudan aliyekuja kuwa sista, Februari 8, huanza Januari 30. Na wale Wakristo waliouawa hapa kwetu Mombasa Agosti 1631, siku za Fort Jesus kutekwa na Sultani Yusuf bin Hasan, bado hawajatangazwa watakatifu. Unaweza kuwaomba faraghani, ila jumuiya haiwezi kuwafanya somo wake.

Kazi kubwa ni maisha yenyewe ya mtakatifu. Tengeni dakika kumi kila mnapokutana, kwa wiki nne: utoto, mateso, uamuzi mkubwa, kifo. Msisome yote jioni moja, maana watu watabaki na miujiza tu.

Tumchukue Bakhita. Aliibwa Darfur akiwa mtoto, na hofu ikamsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye asili moja na bahati yetu. Jina la kejeli kwa mtoto aliyetiwa minyororo. Kule El Obeid walimchora mwilini kwa unga mweupe, wakapitisha wembe juu ya michoro, kisha wakasugua chumvi kwenye vidonda ili makovu yasifutike.

Wasimulizi wengi wakifika hapo huruka hadi kwenye msamaha: kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti awabusu mikono. Ni kweli alisema hivyo. Lakini wiki ya tatu, ya uamuzi mkubwa, ndiyo nzito, na ndiyo inayorukwa. Bibi aliyekuwa akimtumikia Italia alitaka kumrudisha Suakin, bandari ya Sudan. Bakhita akakataa kutoka nyumba ya masista wa Kanossa, kesi ikafika mahakamani Venice, na Novemba 29, 1889 ikatamkwa kwamba yu huru. Akabatizwa Januari 1890. Yaani alisema hapana kwanza, mbele ya sheria. Ukimhubiri kama mfano wa uvumilivu peke yake, binti wa Likoni aliyenyang'anywa pasipoti na tajiri wake huko Ghuba ataelewa kwamba anaambiwa akae kimya.

Ndiyo maana Kanisa limeifanya Februari 8 siku ya kuombea waathirika wa biashara ya watu. Jumuiya yenye somo huyu isimalizie kwa pilau na soda. Mkutano mmoja wa Januari, wanaojiandaa kusafiri waje na mikataba yao, isomwe kwa sauti: mshahara, saa za kazi, nani analipa tikiti ya kurudi. Jina la ajenti liulizwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama amesajiliwa, kabla hajapewa shilingi. Nakala za pasipoti na mkataba zibaki nyumbani kwa watu wawili tofauti, pamoja na jina na anwani ya mwajiri. Mkubaliane pia neno moja la kawaida, kama jina la paka wa nyumbani, ambalo msafiri akilitaja kwenye simu mtajua yuko taabani hata kama tajiri amesimama pembeni akisikiliza.