Nyigu Mkubwa Mlangoni mwa Mzinga

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga nyuki kusini mwa Uingereza. Mwanzoni mwa Aprili, baridi ilipoanza kupungua, nilimwona nyigu mkubwa akizunguka mizinga yangu. Je, ndiye yule wa Asia anayekula nyuki, na nimuue?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usimuue kabla ya kumtambua, kwa maana nyigu mkubwa wa asili ya Ulaya, ambaye malkia wake hufikia milimita 35, hana madhara makubwa kwa nyuki. Tazama miguu kwanza: ya nyigu wa Asia ina ncha za manjano, kana kwamba amekanyaga rangi mbichi, ilhali ya yule wa Ulaya ni ya kahawia. Tumbo la mgeni ni jeusi, lenye mkanda mpana wa rangi ya machungwa karibu na ncha. La mwenyeji lina manjano tele. Majira haya utamwona malkia peke yake, akitafuta maji matamu ya maua na mahali pa kujenga kiota. Vibarua wanaovizia nyuki mlangoni hutokea baadaye, wakati wa joto. Mdudu mwenye mabawa mawili tu na vipapasio vifupi ni nzi wa maua, naye hadhuru.

Ukiona miguu ya manjano, mpige picha na utoe taarifa siku hiyohiyo kupitia programu ya simu ya Asian Hornet Watch. Nyigu huyo aligunduliwa Ufaransa mwaka 2004 na Uingereza mwaka 2016, na malkia mmoja hutosha kuanzisha kundi zima.